Umri Wenye Masikio

1

Asubuhi Bibi Tusajigwe alipotimiza miaka mia moja, kigari cha shule kilisimama mbele ya mlango wake, kikapiga honi mara mbili, kikamwambia kwamba amechelewa.

Bibi alidhani ni utani wa siku ya kuzaliwa. Akavaa viatu, akapanda.

Habari hiyo ilinifikia mezani siku kumi na moja baadaye, katika ujumbe mfupi wa mwalimu mkuu: "Darasa la Tano lina mwanafunzi mmoja zaidi. Hatulalamiki. Tunauliza tu."

Wakati huo nilikuwa na miezi minne tangu nihitimu chuo, na wiki sita tangu nianze kazi katika Kitengo cha Kumbukumbu cha mji wa Bondejuu. Kazi yetu ilikuwa kumtunza Mlezi. Mlezi ni programu, lakini hakuna aliyemwita hivyo. Yeye ndiye aliyefungua milango, akaendesha vigari, akagawa maji mashambani na dawa majumbani. Kila mkazi alikuwa na ukurasa wake ndani ya Mlezi, na kila jambo mjini lilianza kwa Mlezi kuusoma ukurasa huo. Ukiandikwa vizuri, unaishi vizuri. Ndivyo nilivyofundishwa chuoni, na nilikuwa nimeamini kila neno.

"Tumpe," aliniita kwa jina langu Bwana Lwitiko, mkuu wangu, huku akimenya karanga juu ya ripoti ya mwezi. "Nenda kaangalie. Shule iko mlimani, na wewe bado una magoti."

2

Nilimkuta kwenye dawati la mbele, karibu na dirisha. Alikuwa amevaa sweta la kijani la shule. Mashine ya kushona ilikuwa imemtengenezea kwa kipimo cha mtoto wa miaka kumi, na kwa kuwa uzee ulishampunguza, lilimkaa sawasawa.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Kaa kimya kwanza, tunaandika imla."

Darasa zima likacheka. Pembeni yake aliketi msichana mmoja, Ikupa, mwenye uso wa mtu aliyekabidhiwa ofisi.

"Bibi, hapo herufi kubwa," Ikupa alinong'ona.

"Naiona."

"Unaiona lakini huiandiki."

"Mtoto huyu," Bibi aliniambia bila kuinua kichwa, "angekuwa mama mkwe wangu, ningerudi kwetu siku ya pili."

Wakati wa mapumziko tulikaa watatu kwenye benchi la nje. Ikupa alikuwa na kiazi kitamu cha kuchemsha, akamkatia Bibi nusu bila kuulizwa. Bibi akanieleza mengine yaliyompata tangu siku ile. Duka lilikataa kumuuzia kisu cha jikoni. Redio yake ilijizima saa mbili kamili, ikamtakia usingizi mwema. Na alipokwenda kwa jirani bila kuaga, jirani alipigiwa simu aulizwe kama mtoto amefika.

"Na hukulalamika?"

"Kwa nini? Shule nilisoma hadi darasa la pili. Halafu mama akajifungua pacha, nami nikatolewa niwabebe. Niliwabeba hadi wakaanza kunibeba wao." Alipangusa vidole kwenye sketi. "Baadaye akaja huyu Mlezi wenu, anakusomea kila kitu. Barua anasoma, chupa ya dawa anasoma, hata kibao cha barabarani anasoma. Watu wakaona kusoma kwa nini tena. Lakini mimi sikutaka kusomewa, mjukuu wangu. Nilitaka kusoma."

Nikafungua ukurasa wake kwenye kibao changu cha kielektroniki, nikakiweka magotini ili tuone sote.

jina: "Tusajigwe"
umri: "100"
anaishi_peke_yake: kweli
mwenza: tupu

Bibi aliusogelea uso wa kibao mpaka pumzi yake ikauweka ukungu. Alikuwa akisoma polepole kwa midomo, na mimi nilikuwa najiandaa kumweleza, pale aliponiuliza:

"Mbona umri wangu una masikio?"

"Una nini?"

"Masikio, dada," alisema Ikupa, kwa subira ya mwalimu mwenye mwanafunzi mzito. "Zile alama za nukuu. Tumejifunza wiki iliyopita. Maandishi yana masikio pande zote mbili. Namba haina masikio. Jina lina masikio, sawa. Umri hautakiwi kuwa nayo."

Nilitazama tena. Nilikuwa nimepita pale mara mbili nisione.

Mlezi aliandikwa kwa lugha ileile iliyoendesha kurasa za mtandao zamani, na lugha hiyo haishughuliki na vitu bali na thamani, na kila thamani ina aina yake. Namba unaweza kuijumlisha. Maandishi ni maandishi tu, hata yakiwa na sura ya namba. Nilijua pia makosa yalikotoka. Mji ulipoanzishwa, wazee waliofika kuandikishwa hawakutaja mwaka wa kuzaliwa. Walisema: nilizaliwa mwaka umeme ulipofika kijijini, nilizaliwa daraja lilipochukuliwa na maji. Makarani waliwaonea haya kuwasahihisha, wakaufanya umri kuwa mahali pa kuandika chochote. Baadaye walikaa chini, wakapiga hesabu, wakabadilisha kila kumbukumbu kuwa tarakimu, mtoto wa miaka tisa wakamwandikia 09 ili ukurasa upendeze. Lakini ile aina hawakuibadilisha. Ilibaki maandishi.

"Sasa maandishi yakipangwa," nilimwambia Bibi, "Mlezi hatazami ukubwa. Anapanga kama kamusi, herufi moja baada ya nyingine. Kwa muda wote huo mpango wa tarakimu mbili ulifanya kazi, kwa sababu hapa Bondejuu hakuna aliyewahi kufikisha mia. Wewe ndiye wa kwanza. Moja, sifuri, sifuri. Kwenye kamusi hiyo unakuja mara baada ya kumi, kabla ya kumi na moja."

"Ndiyo maana Darasa la Tano," alisema Ikupa.

"Na ile 'tupu' hapo kwa mwenza," Bibi aliuliza, kidole chake kikiwa hewani juu ya neno. "Hiyo haina masikio."

Ikupa alimeza kiazi. "Hiyo ni aina nyingine. Tupu ni kiti ambacho mtu alikikalia, akaondoka, mwingine akaja kulifuta jina lake kwa makusudi."

Bibi alishusha kidole. "Ni kweli. Mume wangu alipofariki, karani alikuja mwenyewe nyumbani, akaniomba ruhusa kabla hajalifuta." Kisha akanigeukia. "Ukitoa masikio kwenye umri wangu, itakuwaje?"

"Utakuwa na miaka mia moja kamili."

"Na lango la shule?"

Nilifuta ukungu kwenye kibao.

"Ijumaa tunasoma mbele ya wazazi," alisema. "Kila mtu ukurasa alioutunga mwenyewe. Mimi wangu umefika nusu."

Siku hiyo ilikuwa Jumatatu. Nilifunga kibao, nikamwambia nitarekebisha Ijumaa jioni. Siku nne tu. Niliteremka mlima nikipiga mluzi, nikijiona mtu mwema.

3

Jumatano nilipanda tena, nikiwa na penseli mbili za kumpa Bibi. Ikupa alinidaka kabla sijavuka uwanja.

"Dada, mtu akiahidi kutosema, halafu akasema kwa sababu anaogopa, ni mbaya?"

"Inategemea anaogopa nini."

"Bibi alishika ubao jana ili asianguke. Akasema ni miguu. Si miguu. Kile kisanduku cha dawa nyumbani kwake hakimpi vidonge vyake tena. Kinampa dawa ya maji ya watoto. Ya nanasi."

Tulimpeleka Bibi kwenye chumba cha huduma ya kwanza, tukamfunga kipimo mkononi. Presha yake ilikuwa mia na tisini kwa mia na tano. Muuguzi wa shule alitoka mbio kwenda kuita mwenzake wa zahanati, alete vidonge vya presha kwa mkono.

"Ulijua?" nilimwuliza Bibi.

"Nilijua kwamba nikisema, utatoa masikio." Alikuwa ameketi wima kitandani, miguu haifiki chini. "Tena ile ya nanasi si mbaya."

Ningependa kuandika kwamba nilimkasirikia, lakini nilijikasirikia mimi. Sehemu ya dawa ilikuwa kwenye ukurasa uleule niliofungua Jumatatu, mistari michache tu chini ya umri. Nilikuwa na kitu kizuri cha kutazama pale juu, nikaacha kushuka.

Yalinijia mawazo mengi ya haraka, yote ya hila. Muuguzi angeweza kuleta vidonge kwa mkono hadi Ijumaa. Lakini gari la wagonjwa pia lingesoma ukurasa ule. Bibi akianguka usiku, wangekuja na vifaa vya mtoto, na vipimo vya mtoto, na kila mashine ingekosea pamoja na nyingine kwa uaminifu kabisa. Siku mbili ni nyingi kwa presha ya namna ile.

Nilifungua kibao mbele yake.

"Bibi, natoa masikio sasa hivi. Ni kwa faida..."

"Usiniambie ni kwa faida yangu," alinikata. "Nimeambiwa hivyo tangu siku ya wale pacha. Sema unachofanya."

"Nakuondoa shule, Bibi."

"Haya. Hiyo nimeisikia."

Nikatoa alama mbili ndogo. Umri ukawa 100, bila kitu pembeni. Kwenye kona ya kibao Mlezi akaandika kwamba vidonge vya presha vimerudishwa. Sekunde moja baadaye, nje, kigari cha shule kilichokuwa kikimsubiri kikawasha taa, kikaondoka bila yeye.

Bibi alilivua sweta la kijani, akalikunja mara nne, akampa Ikupa. Ikupa akakataa kulipokea. Walibishana kuhusu sweta lile hadi vidonge vilipofika, na nadhani wote wawili walishukuru kuwa na kitu cha kubishania.

4

Alhamisi niliingia ofisini mapema kuliko Bwana Lwitiko, nikachapisha kanuni ya lango la shule kwenye karatasi, nikaisoma kwa kidole kama Bibi.

Lango liliuliza mambo mawili. Kwanza umri: aliye chini ya miaka kumi na minane anaingia. Kama amezidi, lango linatazama sehemu nyingine ya ukurasa, iitwayo anataka_kusoma. Ikiwa kweli, lango linafunguka. Kwa hiyo waanzilishi wa mji hawakuwazuia watu wazima. Walikuwa wamewaachia mlango. Nikafungua ukurasa wa Bibi, nikashuka safari hii hadi mwisho kabisa.

anataka_kusoma: haijawekwa

Nikafungua wa jirani yake. Haijawekwa. Wa muuguzi, haijawekwa. Nikamwagiza Mlezi ahesabu watu wazima wote wa Bondejuu. Waliojibu kweli: sifuri. Waliojibu si kweli: sifuri. Haijawekwa: elfu tisa mia mbili na kumi na nne.

Bwana Lwitiko alipoingia, nilimwekea karatasi juu ya karanga zake.

"Hakuna aliyekataa," nilimwambia. "Hakuna hata mmoja. Hawakuulizwa. Na lango likikutana na 'haijawekwa', linaisoma kama 'si kweli'."

"Linaisoma hivyo tangu mji uanze. Lugha yenyewe ndivyo ilivyo, ukiipa kitu kisicho na jibu inakichukulia kuwa hapana. Ni rahisi."

"Rahisi kwa nani?"

"Usinipe macho hayo, binti. Kwa lango." Alivuta kiti, akakaa. Alikuwa mtu mwema, na mchovu. "Sikiliza. Andika 'kweli' kwenye ukurasa wa yule bibi. Mimi nitageuka nitazame dirishani. Kesho asome, wazazi walie, tumalize."

Nakiri kwamba wazo hilo lilinivutia. Lilikuwa neno moja, na hakuna ambaye angeumia. Mkono wangu ulishafika kwenye kibao.

"Siwezi," nilisema.

"Jumatatu uliweza kuacha umri wa uongo siku mbili. Leo huwezi kuandika jambo la kweli?"

"Jumatatu nilimwamulia, nikakosea. Jana nilimwamulia tena, hata kama nilipatia. Nikiandika hapa, nitakuwa nimemjibia mara ya tatu. Na yule muuguzi? Na hawa elfu tisa? Watapata lini mtu wa kuwaandikia huku mwingine anatazama dirishani?"

"Basi unataka nini?"

"Lango likikuta haijawekwa, lisikatae. Liulize. Sibadilishi sheria, Bwana Lwitiko, sheria inasema anayetaka aingie. Ni mistari mitatu."

"Mistari mitatu! Na wakisema wote wanataka? Madawati yatatoka wapi? Walimu je? Baraza litaniita mimi, si wewe."

"Wataitana kwa jambo la kweli, kwa mara ya kwanza. Sasa hivi wanaamini hakuna anayetaka."

Alichukua karanga moja, akaimenya, akaitazama, hakuila. "Ningejua," alisema, "ningeajiri mtu mvivu." Kisha akanyoosha mkono apewe kalamu ya kusaini.

5

Ijumaa saa nne wazazi walikuwa wamejaa mbele ya shule, wamevaa nguo za kanisani. Wao walipita kwa mlango wa wageni. Bibi Tusajigwe alikuja kwa miguu, taratibu, akinishika mkono. Nilikuwa nimemweleza yote njiani. Mfukoni mwake palikuwa na karatasi iliyokunjwa, na mara tatu alipapasa kuona kama bado ipo.

Ikupa alisimama upande wa ndani wa lango, ameshika sweta la kijani kama bendera.

"Mbona mnatembea kama mnapima ardhi?" alipaza sauti. "Sisi ni wa sita kusoma!"

"Nitajaribu mimi kwanza," alisema Bwana Lwitiko. Alikuwa amepanda mlima mzima kwa magoti yake mabovu, na aliudai ukweli huo kwa kuhema. "Likilipuka, lilipuke na aliyesaini."

Akajiweka sawa mbele ya lango. Taa ndogo ikawaka.

"Karibu, Lwitiko," lilisema lango. "Ukurasa wako hauna jibu kwenye swali moja. Je, unataka kusoma?"

Bwana Lwitiko alikuwa amesaini mistari ile kwa mkono wake mwenyewe, lakini nadhani hakuwa amefikiri kwamba naye yumo kati ya wale elfu tisa. Alikuna shingo. Akatazama madirisha ya madarasa, moja baada ya jingine.

"Mimi... niliacha jiometri katikati," aliliambia lango, kwa sauti ya chini. "Nitakurudia."

"Nitasubiri," lilijibu lango. Kwenye kibao changu sehemu yake ilibaki kama ilivyokuwa, haijawekwa. Haikugeuka kuwa hapana. Nilitaka kumkumbatia.

Akasogea pembeni. Bibi Tusajigwe akauachia mkono wangu, akapiga hatua mbili peke yake.

"Karibu, Tusajigwe. Ukurasa wako hauna jibu kwenye swali moja. Je, unataka kusoma?"

Bibi alisimama. Upepo ulikuwa ukicheza na ncha ya kitambaa chake cha kichwani. Niliogopa kwamba hakusikia, kisha nikaogopa kwamba alisikia.

"Bibi, sema ndiyo!" alilia Ikupa. "Watu wanasubiri!"

"Nyamaza, wewe," alisema Bibi, bila ukali. "Aliyesubiri ni mimi."

Alitoa karatasi yake mfukoni, akaikunjua, akaishika kwa mikono miwili. Kisha akainua uso kulielekea lango, kwa namna mtu anavyomwelekea mgeni aliyechelewa sana lakini hatimaye amebisha hodi.

"Niulize tena," alisema.

Lango likamwuliza tena, na safari hii alijibu kabla halijamaliza.